Kioo cha Dada Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, madaktari bingwa, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, vijana wangu wa maabara mliosimama ukutani ilhali viti vipo, na wewe shemeji yangu uliyeanza kula kabla ya hotuba: hamjambo? Sijasikia! Hamjambo?

Mnaniona nacheka peke yangu, mnadhani kustaafu kumenipanda kichwani. Niacheni nicheke! Furaha yangu leo haina breki, na sababu yake imekaa pale mbele na gauni la njano, inanikodolea macho ninyamaze. Huyo ni dada yangu, mkubwa wangu, fundi cherehani. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari zake, akanijibu, "Simulia, mdogo wangu, ila usinizeeshe."

Mwaka jana dada alianza kukohoa, na picha ikaonyesha vinundu mapafuni. Kikanyofolewa kinyama kidogo, kikaletwa maabara kwetu, na hapo ndipo nilipofungiwa mlango. Ndiyo, mimi, mkuu wa chumba! Kuna desturi niliyoiweka kwa mdomo wangu mwenyewe: hakuna anayesoma kioo cha ndugu yake, yaani kile kigae cha glasi tunachobandika kinyama ili kitazamwe kwa hadubini, wala kukaa chumbani kinaposomwa, maana jicho la ndugu huona linachotamani. Mkuki kwa nguruwe, jamani! Wanafunzi wangu walinitoa nje kwa adabu zote, wakatia komeo.

Sasa wageni waalikwa, msisinzie, somo ni fupi. Kila chembe ya mwili wako imebeba jeni zilezile, iwe ya ini au ya ngozi. Zinazotofautisha ni protini fulani zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Iko mojawapo inayofanya kazi mapafuni na pia kwenye tezi ya shingoni. Mapafuni inaziamsha jeni za ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandane. Shingoni inaziamsha jeni za kutengeneza homoni. Mpishi mmoja, nyumba mbili! Tukipaka rangi yetu, palipo na protini hiyo pote hugeuka kahawia.

Kinyama cha dada kikageuka kahawia. Kila mtu koridoni akasema basi, ni saratani ya mapafu, tena imeshatapakaa, tumtafutie dawa za kumtuliza. Nami nilikuwa nimesimama karibu na ndoo ya mfagiaji, nalia. Je, nani angekumbuka ile nyumba ya pili? Kama ugonjwa umeanzia kwenye tezi ukahamia mapafuni, iko iodini yenye mionzi inayoufuata hukohuko uliko. Nilitamani kupiga kelele, nikaing'ata leso.

Mara nikasikia sauti ndani, ya kijana tunayemwita Kobe kwa polepole yake: "Jamani, tusimzike mtu. Tupake na rangi ya kuonyesha ile protini inayotengenezwa na tezi peke yake."

Kesho yake Kobe akatoka mbio, Kobe huyohuyo! "Daktari, imewaka! Ni tezi!" Nilirukaruka, nikamkumbatia mfagiaji na fagio lake. Kabla sijatulia, Kobe akarudi, uso umemshuka. "Daktari, samahani. Nimesoma kile kipande cha mfano." Mnajua, kwenye kila kioo tunaweka pembeni kipande cha tezi ya mtu mwingine, kuhakikisha rangi yenyewe inafanya kazi. Kijana wangu alikuwa ametangaza kwa shangwe kwamba tezi ni tezi!

Shemeji, aliyekuwa akingoja nami koridoni, akaniuliza, "Sasa shemeji, tumefurahi au hatujafurahi?" Nikamwambia asubiri.

Mlango ulipofunguliwa tena, hakuna aliyekimbia. Walikuwa wameangalia wote, mmoja baada ya mwingine. Kobe akasema taratibu, "Daktari, sasa nimesoma cha dada mwenyewe. Nacho ni kahawia."

Dada akapasuliwa shingo, akanywa iodini yake, na juzi picha imetoka: mapafu safi! Pigeni makofi, mnangoja nini? Dada, simama wakuone!

Mheshimiwa Mkurugenzi, wewe ni shahidi kwamba nilikuja ofisini kwako kuomba uniongezee muda, nikidai maabara itakwama bila mimi. Ombi hilo naliondoa leo mbele ya watu wote. Siku ile Kobe alinivutia kiti cha hadubini, akaniambia, "Karibu, Daktari, uhakiki mwenyewe." Na mimi ndiye yule ambaye maisha yangu yote sijapokea jibu la mtu bila kutia jicho langu. Nilichukua mkoba wangu, nikaenda moja kwa moja kumwambia dada. Kioo kile sijakiangalia mpaka leo.

Vijana wangu, ahsanteni. Nanyi nyote mlionitegea sikio, nawashukuru kutoka moyoni.