Mwanasesere Ametolewa Mapema

ONEYDA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MIRNA: Ni mimi.

ONEYDA: Kila mtu ni mimi. Mimi nani?

MIRNA: Mirna, dada. Mdogo wako. Habari za La Ceiba?

ONEYDA: Nzuri. Tangu tumzike Wilmer hujanipigia. Nani kafa tena?

MIRNA: Nawe dada! Hajafa mtu. Ni Nohelia, Jumamosi anatimiza miaka kumi na mitano. Tunamfanyia sherehe: gauni, wapiga magitaa, nguruwe wawili. Nataka uje. Na keki uoke wewe, hapa Danlí hakuna mwokaji wa maana.

ONEYDA: Ahaa. Keki.

MIRNA: Si keki tu— ila nakuomba, usije na nguo nyeusi. Na habari za Wilmer, zisi— watu watakuwa wanafurahi, unaelewa.

ONEYDA: Naelewa. Mwanangu nimwache kwenye basi.

MIRNA: Usianze.

ONEYDA: Nohelia mwenyewe anaitaka hiyo sherehe?

MIRNA: Sasa kapoa kabisa, namshukuru Bikira. Maana alitutesa huyu mtoto. Miezi mizima analala mchana kutwa, shule haendi, ukimwekea maharagwe anayaangalia tu. Ukimsemesha, machozi. Rigo akasema huo ni uvivu, si unamjua baba yake, akamnyang'anya simu.

ONEYDA: Mlimpeleka kwa daktari?

MIRNA: Daktari wa nini, hana homa. Padri alimwombea. Na kweli, tangu Jumapili katulia. Kafagia chumba, anaongea na kila mtu taratibu. Mbwa wake kampa jirani. Hereni kampa—

ONEYDA: Kampa nani? [mtandao unakwaruza] Unakatika.

MIRNA: Hereni kampa binti wa shangazi yake. Nguo kagawa. Hata yule mwanasesere wa mwisho wa utoto wake, ambaye kwa desturi ilikuwa amkabidhi mdogo wake Jumamosi mbele ya wageni, kampa palepale jikoni, mimi nachoma mikate ya tortila. Eti, "Mtunze, ya nini kungoja siku yenyewe." Nikamwambia Rigo, unaona, binti kakua, kaachana na utoto.

ONEYDA: [karatasi inachakarika]

MIRNA: Haloo? Dada?

ONEYDA: Kofia ya Wilmer. Juzi imenifikia kwa basi, imefungwa kwenye karatasi. Ni wewe uliyeirudisha?

MIRNA: Kofia ipi? Ile uliyompa Nohelia siku ya mazishi? Mimi sijatuma kitu.

ONEYDA: Nilikutukana kutwa nzima. Nikasema Mirna sasa hataki hata kofia ya mwanangu nyumbani kwake. Yuko wapi huyo mtoto?

MIRNA: Chumbani, anapumzika. Kafunga mlango, si unajua wasichana—

ONEYDA: Nenda.

MIRNA: Niende wapi, si naongea na—

ONEYDA: Nenda huku unaongea. Wilmer naye alipoa hivyohivyo. Wiki ile ya mwisho alifagia ua, akagawa viatu vyake. Mimi nikawatangazia majirani kwamba mwanangu amepona.

MIRNA: Usimlinganishe mwanangu na—

ONEYDA: Na nani? Malizia.

MIRNA: [hatua zinasikika sakafuni]

ONEYDA: Pale kwenye jeneza, watu wamejaa, ulisema: mama gani huyu asiyemwona mwanawe? Ulidhani sikusikia.

MIRNA: Nilisema kwa uchungu.

ONEYDA: Ulisema. Haya, sasa ona wewe.

MIRNA: Nipo mlangoni. [anagonga] Nohelia? Nohelia, mama, nifungulie.

ONEYDA: Anajibu?

MIRNA: Anasema amelala.

ONEYDA: Gonga tena. Akifungua, muulize wazi kama anataka kufa. Usizungukezunguke.

MIRNA: Nimuulize hivyo? Si nitamtia wazo?

ONEYDA: Wazo analo. Mimi nilinyamaza kwa woga huohuo, na unajua nilichokipata. Halafu usimwache peke yake, hata chooni. Leo hii mpelekeni hospitali, muwaeleze yote, mpaka hiyo kofia. Mimi napanda basi.

MIRNA: Rigo yuko sebuleni na wapiga magitaa, wanafanya mazoezi. Watasikia.

ONEYDA: Wasikie. Aibu yangu mimi ilimla mtoto, wewe unaitunza yako ya nini?

MIRNA: Dada, salio linakwisha, simu imeshalia—

ONEYDA: Gonga.

MIRNA: [anagonga] Mwanangu, sikugombezi. Naomba. [kitasa kinalia] Amefungua.

ONEYDA: Muulize.

MIRNA: [kwa sauti ya chini] Nohelia. Mama, unataka kufa?

[Magitaa yanasikika kwa mbali.]

ONEYDA: Kasemaje? Mirna.

MIRNA: Ananitazama tu.

ONEYDA: Mngoje. Usimjazie maneno.

MIRNA: Ameitikia kwa kichwa. Dada, ameitikia. Nimwambie nini sasa?

ONEYDA: Sijui, mdogo wangu. Mimi sikufika hapo. Mshike tu mko—

[Salio limekwisha.]