Walipokuja Kuomba Moto Kwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi mliobanana pale nyuma kwa ajili ya baridi, maana leo sina haraka. Mnanijua, mimi ni Mama Atupele, yule Mnyakyusa wa hapa Nyololo asiyeweza kunyamaza. Lakini kuna mwaka mmoja nilinyamaza, na huo ndio nataka kuwasimulia.

Nilizaliwa milimani upande wa Mbeya. Nilipoolewa nililetwa huku kwa lori. Tukalala Chimala, kesho yake tukashuka Nyololo kwenye ukungu, watu wakanisalimia "kamwene" nami sijui nijibu nini. Nilicheka. Siku zile nilikuwa mtu wa kucheka. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, analala kambini, anarudi Jumamosi. Mimi nililima, nilipika, niliimba kwaya. Mungu akatupa binti, tukamwita Atupele, yaani ametupa.

Ndugu zangu, baada ya kujifungua kitu kilizimika ndani yangu. Sikuwa na homa. Hapakuwa na mahali ningeweza kupaonyesha kwa kidole nikasema panauma hapa. Asubuhi nafumbua macho, moyo umeshakuwa mzito hata kabla sijakumbuka mimi ni nani. Mtoto analia, namsikia kama analia nyumba ya jirani. Namnyonyesha, namlaza, nageukia ukutani. Chakula sikitaki, kuoga sitaki. Nikaanza kufikiri kwamba mume wangu na mtoto wangeishi vizuri zaidi kama mimi nisingekuwepo, na wazo hilo likaacha hata kunitisha. Nilifika huko, sifichi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shangazi wa mume wangu akasema ni uvivu wa watu wa ndizi, eti kwetu mgomba unatulisha tukiwa tumelala. Wengine wakanong'ona nimerogwa. Mzee mmoja akaniambia nitubu. Nikatubu hata dhambi za watu wengine, kisha nikarudi nyumbani nikalala. Mume wangu naye, maskini, alikaa mlangoni akinitazama na kukuna kichwa, hadi Jumapili jioni arudi kambini.

Ndipo mama mkwe alipofika kutoka Kihesa. Alimbeba mjukuu wake, akamwona amepungua, akaniambia, "Mwanangu, sikulaumu. Lakini tukishavuna mahindi nitakuja kumchukua huyu. Mtoto hawezi kukaa kwenye nyumba isiyo na moto." Na kweli, mafiga yangu yalikuwa yamezungukwa na majivu baridi. Nikamjibu, "Sawa, mama." Ndugu zangu, mama gani anajibu sawa? Lakini ndivyo nilivyojibu.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Moto ukizimika usiku, asubuhi unachukua kigae unakwenda kwa jirani kuomba makaa, na hakuna anayemnyima mwenzake. Hata kwetu Mbeya ni hivyo hivyo. Jirani akikukuta huna moto wa kumgawia, unaona haya kama amekukuta huna nguo.

Asubuhi moja Mama Yohana, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, akapiga hodi na kigae mkononi. "Kamwene, Mama Atupele. Moto wangu umezimika. Nigawie makaa." Nikamwambia sina. Akasema haya, akaenda zake. Kesho yake, hodi, kigae. "Umezimika tena, mwenzangu." Nikamwambia sina. Akaja tena, na tena. Nikakasirika. Nikasema moyoni, mwanamke gani huyu, mtu mzima, hajui kufukia kisiki kwenye majivu kikalala na moto? Na hasira ile, ndugu zangu, ilikuwa kitu cha kwanza nilichokihisi baada ya miezi mingi. Jioni nikainuka, nikatafuta kiberiti cha mume wangu, nikawasha kisiki na kukifukia, ili tu nimnyamazishe.

Alipokuja nikampa makaa yake. Hakuondoka. Akaketi, akatoa viazi kwenye upindo wa khanga, akavifukia kwenye majivu yangu, tukala. Hakuniuliza naendeleaje. Alinisimulia habari za mbuzi wake aliyetafuna kola ya shati la mwinjilisti.

Baada yake akaja Mama Rehema, naye wake umezimika. Wakafuata akina mama wa kwaya, mmoja mmoja. Ungedhani Nyololo nzima imepoteza moto. Mmoja anamwogesha Atupele, mwingine ananisuka. Siku nyingine nililia mbele yao, nao wakaendelea kumenya viazi wakaniacha nilie mpaka nimalize. Kitandani sikuweza kubaki tena, maana asubuhi lazima mtu angekuja kuomba moto.

Ukweli niliujua siku Mama Yohana aliposahau kigae chake kwangu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka kijito kumrudishia kabla hajaja. Nikakuta jikoni kwake moto mkubwa, chungu kinatokota, na yeye anajifunga khanga ya pili aje kwangu kuomba makaa. Tukatazamana.

"Mama Yohana, hiki ni nini?"

"Maharage," akasema.

Nikacheka. Nilicheka mpaka Atupele akashtuka akaanza kulia, maana alikuwa hajawahi kunisikia. Mama Yohana akasubiri nitulie. "Ningekuja kukuambia amka," akasema, "ungeamka?" Nikasema nisingeamka. "Basi kaa, ule maharage."

Mahindi yakavunwa. Mama mkwe akaja na blanketi jipya la kumbebea mtoto. Alishuka kwenye lori akitetemeka, akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye moto akanyoosha miguu. Alikaa nasi siku kadhaa akinitazama nikiamka. Mimi sikumtua mtoto mgongoni, kwa sababu sasa nilimtaka mwanangu. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, akakunjua lile blanketi, akamfunika Atupele mgongoni kwangu, akafunga fundo yeye mwenyewe. "Baridi ya huku ni kali," akasema. "Mbebe vizuri." Akapanda lori peke yake.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kule, akatumia mikono ya wanawake wenye vigae. Sisemi giza limekwisha kabisa. Kuna asubuhi linarudi. Likirudi namwambia Mama Yohana, "Leo limekuja," naye anakuja. Wewe uliyeketi hapo na unalijua giza hilo, mtumaini Bwana, na umwambie mtu mmoja.

Najua sasa hila yetu nimeitoboa, na Mama Yohana ananikazia macho pale. Basi kesho ukiniona mlangoni kwako na kigae, usiniulize kama kwangu umezimika. Nipe moto tu, tukae.