Mashine Iliyogomea Mkono wa Kushoto

Benchi la kijiwe kile, pembeni mwa ukuta wa ghala la mbao, Gogo mkata miti ndiye aliyelichonga kutoka kwenye shina moja. Upande mmoja uko juu kuliko mwingine, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwambia. Wanaolikalia kila siku ni Redio, fundi viatu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimwi. Na Mstaafu, aliyetunza stoo miaka thelathini akatoka na mafungu mawili ya methali, zote zikiwa za shughuli nyingine. Anayewahudumia ni Nusu Kikombe, muuza kahawa, na jina lake anayelipinga ni yeye peke yake. Siku hiyo, mnamo saa nne asubuhi, Gogo alifika amekumbatia msumeno wake wa mashine, akaulaza juu ya benchi kama mgonjwa, akaomba kahawa kabla ya salamu.

— Imezimika ghafla, akasema. Niko kwenye gogo la tatu, ikanyamaza. Sasa hata kamba haivutiki.

Redio akaweka chini kiatu cha watu, akaishika kamba ya kuwashia, akavuta. Kamba haikuja hata upana wa kidole. Akakanyaga mashine, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

— Plagi imelowa.

— Plagi ikilowa, injini haiwaki, lakini kamba inakuja, akajibu Gogo. Hii haiji.

— Basi imelowa sana.

Plagi ikatolewa, ikafutwa kwa pindo la shati la Redio, ikapulizwa, ikanuswa na kila aliyekuwa na pua. Ilikuwa kavu. Mstaafu, aliyekuwa akingoja zamu yake, akakohoa.

— Hilo ni joto. Chuma kikipata joto kinavimba. Stoo yetu ilikuwa na kufuli, kiangazi halifunguki hata kwa nyundo, mvua zikija linafunguka lenyewe. Ifunikeni kwa kitambaa kibichi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki anaingiaje hapa? akauliza Redio.

— Wewe methali hukufundishwa, ndiyo maana unauliza.

Wakaifunika. Wakanywa kahawa ya kungojea, ambayo kwa kipimo cha Nusu Kikombe haikuchukua muda mrefu. Walipovuta tena, mashine ilikuwa imepoa vizuri kabisa, na kamba ilikuwa palepale.

Hakuna aliyemuuliza Gogo habari za oili. Kumuuliza Gogo kama amechanganya oili kwenye petroli ni sawa na kumuuliza mwalimu kama anajua kusoma. Mtaa mzima umeshahubiriwa: mashine hii haina oili yake ndani kama gari, inakunywa ile iliyochanganywa na petroli, vikombe viwili, vile vidogo vya kupimia dawa ya kikohozi, kwa kila lita, na atakayeitilia petroli tupu ameua injini kwa mkono wake. Hotuba hiyo Redio anaijua kwa moyo, na anaweza kuitoa kwa sauti ya Gogo mwenyewe.

Gogo, kwa upande wake, alikuwa anajua. Alijua tangu kwenye lile gogo la tatu, mlio ulipoanza kuwa mkali na mkavu, akajiambia akimaliza mkato huu atatazama. Asubuhi mteja alipiga simu mara tatu, naye akajaza tangi kutoka kwenye dumu la petroli tupu, akatoka mbio, na chupa ya oili ikabaki dirishani. Mwaka wa kumi na tisa huu katika kazi, kosa la mwanafunzi. Hakuja kijiweni kutafuta ushauri. Alikuja kwa sababu aliona haya kwenda nyumbani.

— Mti gani ulikuwa unaukata? akauliza Redio.

Gogo akautaja.

— Ndiyo hiyo. Ule una utomvu wa kunata. Umepanda kwenye mnyororo, ukaingia tumboni, ukaganda. Mimi na gundi tunajuana.

Gogo alijua kwamba utomvu hauna njia ya kufika huko, lakini alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayelifikiria neno zito. Kila nadharia ilikuwa inampa nafasi ya kunywa kidogo na kukaa kidogo. Hapo ndipo Nusu Kikombe, ambaye hakuwa ameulizwa, alipotua birika.

— Jana nani aliitumia?

— Shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wa Gogo, na kijiwe kizima kinamwita hivyo hivyo. Mke wa Gogo alimbembeleza mumewe miaka miwili amfundishe kazi huyo mdogo wake, na miaka miwili Gogo alikataa. Wiki mbili tu zilizopita ndipo alipokubali, kwa sharti kwamba siku mashine itakapoharibika mikononi mwake, habari ya kazi imekwisha na asiiguse tena. Mke akakubali sharti hilo kwa niaba ya mdogo wake, akapika kwa furaha siku tatu.

— Shemeji si anatumia mkono wa kushoto? akauliza Nusu Kikombe.

— Ndiyo.

— Imeisha hiyo. Jana injini imevutwa kwa kushoto, ikazoea kuzunguka kwa kushoto. Leo wewe umeivuta kwa kulia. Mizunguko miwili imekutana katikati, hakuna anayempisha mwenzake. Unavuta nini hapo?

Gogo angecheka, kama si kwamba Redio alikuwa ameshakubali. Redio alisema hata viatu ni hivyo hivyo, ukivaa cha kushoto mguu wa kulia hutembei. Mstaafu akasema stoo walikuwa na karani wa mkono wa kushoto na makufuli yote yaliharibika enzi zake.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe, akamalizia. Huyo Shemeji asiiguse tena. Gogo, unasemaje?

Gogo alitazama ndani ya kikombe.

— Mkono wake kweli ni wa kushoto, akasema.

Hakuwa amedanganya, na jambo hilo lilimchoma zaidi ya uongo. Aliona mzigo umehama begani kwake ukaenda kwa mtu ambaye hayupo, akaona wepesi wake, na akauonea haya wepesi huo. Nusu Kikombe akabeba birika kwenda mzunguko wake. Alirudi baada ya nusu saa akasema amepitia kwa kina Gogo, amemkuta Shemeji uani anapasua kuni, amempa habari yote mpaka mwisho, kwa manufaa yake.

Gogo akataka kuinuka. Kabla hajainuka, Shemeji akatokea kwenye kona, bado ana vumbi la kuni nyweleni.

Akawaamkia wakubwa, mmoja mmoja. Hakukaa. Akapiga goti mbele ya mashine, akaigusa kamba taratibu, akaona haiji, akaiacha. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu, chenye malengelenge mapya ya wiki mbili.

— Nimeambiwa nimeiharibu, akasema. Jana nilifanya yote kama shemeji hapa alivyonielekeza. Nilipima, nikanoa, nikasafisha, nikaifuta. Nimewaza njia nzima. Wakubwa zangu, nilikosea wapi?

Redio akakiokota kiatu cha watu, akakikagua soli. Nusu Kikombe akaanza kusuuza vikombe visafi. Ile nadharia ya mizunguko miwili, iliyokuwa na nguvu nusu saa iliyopita, haikuwa na mtu wa kuisema mbele ya kile kiganja. Mstaafu akakikunja kile kitambaa kibichi mara nne.

— Niambieni tu, nisije nikarudia, akasema Shemeji.

Gogo akaweka kikombe chini.

— Hukukosea popote. Mashine uliileta nzima. Asubuhi nimeitia petroli tupu. Nilisahau oili, injini imekauka, imenoki. Nimekaa hapa tangu saa nne, najua, nimenyamaza.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, alizimwa. Gogo alimngoja Shemeji akasirike; angeshukuru kama angekasirika.

Shemeji alibaki amepiga goti, anaitazama mashine.

— Mimi nimeshamwambia dada kwamba ni mimi.

— Kwa nini umwambie hivyo, na wewe hukuona kosa lako? akauliza Gogo.

— Tulikuwa wawili tu tulioishika, shemeji. Na wewe huwezi kusahau.

Gogo akainuka. Hakumuaga mtu, hakuichukua mashine. Akashika njia ya nyumbani kwenda kumwambia mkewe.