Daftari la Fahali

Kwenye treni ya asubuhi, mkabala nami alikaa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mzee aliyevaa koti kama anayekwenda kuposa. Bila kuulizwa, alimwambia muuguzi mwenye sare aliyekaa kando yake kwamba ana saratani ya tezi dume, nayo imeshafika mifupani. "Leo namwona daktari wa pili. Wa kwanza ndiye aliyeniandikia barua, akataka na kipimo cha vinasaba. Hicho sikitaki. Ukoo wetu ni safi."

"Na fahali wako, ukoo wake unaujua?" muuguzi akamuuliza.

"Mpaka bibi wa bibi yake!" Akachomoa daftari mfukoni. "Siuzi ndama asiyejulikana kwao." Behewa zima lilisikia, nadhani hata dereva.

"Na wewe je, mzee wangu?"

"Mimi nina mabinti watupu. Hawana tezi dume hao."

"Wana matiti, nayo hupata saratani. Hitilafu ya vinasaba ikiwepo, baba humrithisha hata binti. Na huenda kipimo kikakuonyesha dawa nyingine."

Mzee akatunisha kifua. "Mabinti wangu wanne hakuna aliyewahi kuwatoa kasoro."

Treni iliposimama, alikuwa amefungua daftari la fahali kwenye ukurasa mtupu, ananiomba kalamu aanze na bibi yake mwenyewe.