Mjakaranda wa Perez

Mwaka huo wa themanini na tatu, kijiwe cha Kaloleni kilikuwa benchi moja karibu na ukumbi, birika la Bulle muuza kahawa, na mjakaranda uliokuwa ndiyo kwanza unaanza kutoa kivuli. Ulipandwa na Perez, binti ya Otiende wa reli, akiwa darasa la pili, siku wakubwa wa serikali walipokuja na bendi kupanda miti. Miche mingine yote ilikauka. Perez naye alikufa kwa homa ya matumbo, mwaka mfereji wa maji machafu ulipopasuka nyuma ya nyumba. Tangu hapo Otiende huumwagilia mti ule kila jioni, na uchungu haujapoa hata kidogo. Asubuhi hii mtu wa serikali kaupiga alama ya rangi nyekundu. Kesho unakatwa, hema la sherehe nyingine ya kupanda miti lipate nafasi.

— Buda, pole sana, alisema Gachanja, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuna wa kumzima.

Otiende alikunywa kahawa yake.

— Lakini chapaa za kupanda miti zimetoka mara mbili ya zile za kwanza, alisema Mativo, Waziri wa kijiwe, asiye na kazi wala wizara.

— Ndiyo balaa yenyewe! Zikitoka kidogo, mti mmoja unapona. Zikiongezwa, hata huo mmoja unakatwa. Wakiongeza tena, tutafuga ngamia hapa!

— Redio, bajeti huijui. Za mashimo zilitoka. Za maji ni za mwaka ujao. Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo.

— Kwani mti ulitaka kwenda wapi?

— Hata ule mfereji wameushughulikia. Wameuwekea kibao kipya, rangi safi.

— Na maji machafu?

— Yanapita chini ya kibao.

Walicheka. Otiende alijaribu kucheka nao, akaishia kuutazama mti.

— Sasa sikizeni siri, alisema Redio. Miche ni ileile! Usiku inang'olewa, inapakiwa kwa lori, kesho inapandwa Kariobangi, kesho kutwa Eastleigh. Kenya nzima, lori moja!

— Na huu wa Otiende je?

— Huu uliachwa na lori. Sasa wameukumbuka.

Magan, mpangaji mpya aliyehamia juzi tu, alikuwa amesimama kando na kikombe chake, akiitazama ile rangi nyekundu.

— Samahani, wazee wangu. Aliyeupanda si aende awaambie ni wake? Huenda wakamsikiza.

Redio alizimika. Bulle alitikisa birika, na halikuwa na kitu.

Otiende aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi na ndoo ya maji. Aliumwagilia mti polepole, shina lote, kama alivyofanya jana na juzi. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba kesho unakatwa.