Mwalimu Merle Tranter, Aliyetoka Mstarini

Mama yetu, Mwalimu Merle Joyce Tranter, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 karibu na Nyngan, New South Wales, Australia, mtoto wa pili wa Alf Haddrick, mkata manyoya ya kondoo, na mkewe Ivy. Masomo ya awali aliletewa kwa posta, akayafanyia jikoni huku mama yake akikanda mkate. Alihitimu ualimu Bathurst mwaka 1961.

Tarehe 9 Januari 1965 alifunga ndoa na Cliff Tranter, mchimba visima, mtu wa maneno machache. Basi nyumbani Mama aliongea kwa niaba ya wawili. Walijaliwa Noreen na Gavin. Mwaka 2016 mapafu yalianza kumsumbua. Hakulalamika, ila chai ya hospitali aliisema vibaya hadi mwisho. Alifariki Dubbo, asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2019, Cliff akiwa amemshika mkono.

Kazi yake tumeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo aliyoipenda mno. Kwa miaka thelathini na tisa aliwafundisha watoto wa darasa la pili kufupisha maneno ya Kiingereza, kama "do not" kuwa "don't". Kila mtoto alishika herufi ya kadibodi, wakajipanga uwanjani. Herufi isiyotakiwa ilikimbilia uzioni, ikiacha kofia yake chini iwe ritifaa, ile alama ya kuonyesha herufi iliyoachwa. Na kwa kuwa shuleni asiye na kofia hachezi juani, aliyetolewa alikaa kivulini hapo uzioni peke yake hadi somo liishe.

Mwaka 1987 Leanne Pascoe, mwenye miaka saba, ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote, basi Mama akawa anamtoa yeye tu. Leanne akaacha kuja shule. Wiki mbili zikapita. Jumapili Mama aliendesha gari kilomita arobaini hadi kwao.

"Siji!" Leanne alisema nyuma ya mlango. "Kila siku unanitoa mimi. Wenzangu wanacheka pamoja, mimi nimekaa uzioni kama mbwa."

Mama aliona aibu, wala hakujitetea.

"Nimekukosea, mwanangu. Rudi. Kuanzia kesho natoka mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Leanne alirudi. Mama akatoka mstarini miaka kumi na minne, hadi alipostaafu mwaka 2001, magoti yakimuuma, watoto wakipiga kelele, "Kimbia, Mwalimu!" Naye alikimbia kweli. Tunamwonea fahari sana.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na wanafunzi wengi mno ambao hakumwacha tena hata mmoja akae peke yake. Mungu ampe Merle pumziko jema.