Bi Saa Sita na Mvua Iliyokuwa na Papara

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha ya dada, na imeniomba nisichekeshe watu, nami nimekubali, ingawa marehemu hakuulizwa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, alikohitimu fizikia mwaka 1985, na Januari iliyofuata akaajiriwa idara ya hali ya hewa, akapewa chumba cha mwisho wa korido, chenye feni moja, na feni hiyo ilikuwa ya kompyuta.

Aliolewa tarehe 14 Desemba 1990 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1993, na shemeji yetu, mtu pekee aliyesikiliza habari za mawingu hadi chai ikapoa, alitutoka mwaka 1999.

Kazi yake ilikuwa modeli ya mvua za msimu, yaani kuifundisha kompyuta inyeshe saa inayostahili, maana kompyuta ina papara, jua likichoma ardhi tu inafungulia maji, wakati mawingu halisi hujikusanya mchana kutwa, ndipo yakamwaga jioni. Juni 2003 mchoro ulionyesha mvua kubwa saa 12, mkuu wa idara akausoma kwa saa za Kiswahili, saa kumi na mbili jioni, na nje ikanyesha saa hiyohiyo, makofi yakapigwa, keki ikakatwa, dada peke yake akasimama, "Jamani, kumi na mbili ya kompyuta ni saa sita mchana!" Mkuu akamjibu, "Mama, mvua imenyesha, unataka nini tena, ikupigie hodi?"

Tangu hapo akaitwa Bi Saa Sita, meza ya chai ikawa imejaa kila alipofika, na alipoeleza kwamba kompyuta ikimaliza mvua mchana haiwezi kuyaona mafuriko ya usiku, aliambiwa asiwaharibie watu sifa. Binti akaenda kusoma ng'ambo, yeye akaendelea, akivipunguza ukubwa vimraba vya ramani ya kompyuta, akiyaachia mawingu madogo yaloweshe hewa kwanza, hata tarehe 22 Julai 2016 mvua ya modeli ikasogea hadi saa 18. Alitoka mbio, akamshika mhasibu aliyekuwa akipita, "Imehama! Sasa ni saa kumi na mbili jioni!" Mhasibu akasema, "Si ndiyo ileile ya siku zote, dada?" Alirudi chumbani, akampigia binti yake, simu ikaita mpaka ikakatika.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2018, akafariki tarehe 3 Februari 2020, alasiri, binti akiwa bado ndegeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea uji, na wafanyakazi wenzake, mliojaza mabasi mawili leo, mmetufariji sana, ila tuna ombi, kesho mmoja wenu akakae kwenye kiti chake, kwa sababu milimani modeli bado inawahi kunyesha, dada alieleza hivyo siku ya mwisho, akamweleza muuguzi, maana ndiye aliyekuwepo.

Dada, ujumbe umefika, sasa pumzika kwa amani.